Planaria anajuaje pa kuotesha kichwa?

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nizungumzie namna habari za planaria, yule mnyoo bapa mdogo wa maji baridi, zinavyosimuliwa kwa wasomaji wa kawaida. Kila zinapoandikwa huishia pale pale: mnyoo hukatwa vipande, kila kipande huwa mnyoo kamili, kwa hiyo siku si nyingi binadamu naye ataotesha mkono uliokatika. Sehemu ya kwanza ina ukweli wake. Hitimisho ndilo linalorukia mbali, na katika kuruka huko linaliacha nyuma jambo zito kuliko yote ambayo mnyoo huyu ametufunulia.

Uwezo wenyewe haujaanza kujulikana jana. Thomas Hunt Morgan, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1933 kwa kazi yake juu ya nzi wa matunda, alikuwa akiwakata planaria tangu mwishoni mwa karne ya 19, na ndiye anayetajwa kwa lile kadirio maarufu kwamba kipande cha 1/279 ya mwili kinaweza kurudi kuwa mnyoo. Nguvu hiyo hutoka kwa seli shina, yaani seli zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, ziitwazo neoblasti, zilizotapakaa karibu mwili mzima. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliwapiga minyoo mionzi hadi neoblasti zao zote zikafa, kisha wakawapandikizia kila mmoja neoblasti moja tu kutoka kwa mnyoo mzima. Baadhi yao, ambao bila hivyo wangekufa wote, walipona, na miili yao ikajengwa upya hatua kwa hatua na uzao wa seli ile moja.

Hapo ndipo wasimulizi wengi hutua kalamu, nami naona wametua mapema mno. Mtazame planaria aliyekatwa kati kwa wembe. Misuli hujikaza na jeraha hufumba muda mfupi tu. Baada ya siku chache huchomoza kichipukizi cheupe, kisicho na rangi ya mwili, na katika kile kinachoota mahali pa kichwa hujitokeza vidoa viwili vyeusi, ambavyo ni macho. Kipande cha mkia hakiwezi kula, kwa kuwa hakina koromeo, hivyo hulazimika kujenga ubongo, koromeo na vingine vyote kwa akiba ya mwili wake chenyewe, huku kikijipanga upya kulingana na udogo wake. Sasa zifikirie seli zilizokuwa zimepakana kabla wembe haujapita. Zilizobaki upande mmoja wa mkato hushiriki kujenga mkia, na jirani zake wa upande wa pili hushiriki kujenga kichwa, ilhali neoblasti ni za aina ile ile. Zimeambiwa na nani?

Jibu lilianza kupatikana mwaka 2008, maabara kadhaa zilipozima jeni ya protini iitwayo beta-katenini: palipopaswa kuota mkia pakaota kichwa, akapatikana mnyoo mwenye kichwa kila ncha. Baadaye ikabainika kwamba seli za misuli ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya ishara zinazozielekeza neoblasti ziko wapi mwilini na ni kipi kilichopungua. Misuli, ambayo sote tulifundishwa kuwa kazi yake ni kujongeza mwili, humo imebeba ramani.

Ushahidi unaonishawishi kuliko wote unatoka kwa ndugu wa mnyoo huyu, Dendrocoelum lacteum. Naye anazo neoblasti, lakini akikatwa sehemu ya nyuma, kipande cha mkia hakioti kichwa kamwe. Mwaka 2013 watafiti walipozima beta-katenini katika vipande hivyo, vichwa viliota. Seli zilikuwapo muda wote; zilikuwa zimezuiwa na ishara.

Kwa hiyo msomaji anapoambiwa kwamba seli shina zikidungwa mwilini zitarekebisha kila kilichoharibika, na matangazo ya namna hiyo ni mengi, ana haki ya kuuliza ni nini kitakachoziongoza. Binadamu naye anazo seli shina katika uboho, ngozi na utumbo, wala mkono hauoti.

Nadhani pia waandishi wa sayansi wangetusaidia zaidi wakielekeza macho kwenye ugonjwa wa kichocho. Mdudu anayeuleta ni mnyoo bapa, wa ukoo mmoja na planaria, na mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba aliyekomaa ana seli shina zinazofanana na neoblasti. Anaweza kuishi katika mishipa ya damu ya mtu kwa miaka mingi, na seli hizo zinadhaniwa kuwa sehemu ya siri ya uhai huo mrefu. Watafiti waliozoea kuzima jeni za planaria sasa wanazitafuta zile ambazo mnyoo wa kichocho hawezi kuishi bila hizo.

Wenu,
Msomaji na mwalimu wa baiolojia