Kupigwa kwa dereva wa mtandao si "mambo ya chama"

Ndugu Mhariri,

Dereva wa bajaji anayeitwa kwa programu ya simu akipigwa kijiweni, penye bajaji za foleni, mara nyingi swali la kwanza atakaloulizwa akifika kituo cha polisi ni hili: "Wewe wa kijiwe gani?" Akijibu kwamba hana kijiwe, anafanya kazi kwa mtandao, huambiwa arudi akayamalize na viongozi wa chama. Yaani arudi kwa watu walewale waliomchomolea funguo. Barua hii tumeiandika kwa ajili ya jibu hilo. Tunaomba Polisi mkoani Tanga waliache, na tunaeleza ni wapi hasa ulinzi wa madereva hawa unakwama, kwa sababu kazi hii tunaijua kuanzia Kange hadi Raskazone.

Kijiwe si genge la wahuni, na hatutaki mtu atusome hivyo. Kina mwenyekiti na katibu, kina kiingilio, kina mchango wa msiba na wa ugonjwa, kina zamu. Mwenye zamu akikaa saa mbili juani akisubiri kichwa kimoja, kisha bajaji ya mtandao ikaja kupakia mbele ya macho yake kwa nauli ya chini, lazima aumie. Malalamiko hayo yana pa kupelekwa. Ya maegesho yanakwenda Halmashauri ya Jiji. Ya leseni na nauli yanakwenda LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Na LATRA haiwaogopi wenye programu: mwaka 2022 iliweka ukomo wa kamisheni ya 15%, kampuni moja kubwa ikasimamisha huduma zake nchini, na baadaye ukomo ukapandishwa hadi 25%. Kwa nauli ya shilingi 4,000, dereva anaweza kukatwa shilingi 1,000 kabla hajaweka mafuta wala kutoa hesabu ya tajiri, yaani pesa ya kila siku ya mwenye chombo. Naye ana yake ya kulalamikia. Lakini mlolongo huo wote haumpi mwenyekiti wa kijiwe mamlaka ya kumshusha abiria. Katiba, Ibara ya 20(4), inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote, na Ibara ya 22 inampa kila mtu haki ya kufanya kazi. Dereva asiye na kijiwe hajavunja chochote kwa kutokuwa nacho.

Tukio lenyewe huwa fupi. Ombi linaingia, dereva anafika, abiria anaanza kupakia begi. Kijana mmoja anasimama mbele ya tairi, wa pili anaingiza mkono na kuchomoa funguo, wa tatu anamwambia abiria ashuke apande ya foleni. Mama ametoka hospitali, mtoto mgongoni, mkononi bahasha ya dawa, na anashushwa. Dereva akibisha, turubai linachanwa, kioo cha mbele kinapigwa jiwe, waya wa klachi unakatwa ili bajaji isiondoke. Simu inachukuliwa, kwa sababu ndani ya simu ndimo alimo "mtandao". Baada ya saa moja anaambiwa alipe "faini" arudishiwe. Dakika tano za vurugu, na ndani yake mna makosa manne au matano tofauti.

Hapo ndipo kituoni panapoharibika. Anayepokea taarifa, akiwa na haraka, huandika neno moja kwenye kitabu: ugomvi. Neno hilo likishaandikwa, pande mbili zinakuwa sawa, mpigaji na mpigwaji, na kinachofuata ni kusuluhishwa. Tunaomba yaandikwe yaliyotokea. Kupiga ni shambulio. Penye jeraha, ni shambulio la kudhuru mwili. Kukata waya wa klachi na kuchana turubai ni kuharibu mali kwa makusudi. Kusema "ukirudi hapa tunakuchoma na bajaji yako" ni kutishia. Kumnyang'anya mtu simu kwa nguvu ni unyang'anyi, hata ikirudishwa jioni. Vijana wengi wa vijiwe hawajui kwamba unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30, na kwamba rungu linaweza kuhesabiwa silaha. Wakaelezwe mapema, vijiweni, na Polisi Kata, kabla hakijatokea cha kujutia.

Kuhusu hiyo "faini": faini halali ya Serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo na kuingia kwenye mfumo. Pesa ya kuweka mkononi mwa kijana wa kijiwe, bila karatasi, haina jina lingine ila wizi, na anayeilipa ili yaishe ajue kwamba kesho itaongezwa.

Sasa ushahidi, kwa sababu kesi nyingi hazifi kwa hila za mtu. Zinakufa kwa kukosa vitu vidogo ambavyo vilikuwapo siku ile. Abiria ni shahidi bora kuliko wote, lakini aliyeshuka stendi ya mabasi ya Kange usiku huenda alfajiri keshaondoka kwenda Lushoto au Pangani. Namba yake ichukuliwe palepale, kabla hajapanda chombo kingine. Safari ile imo kwenye programu: namba ya safari, saa, mahali pa kupakia, jina la dereva. Ipigwe picha ya skrini siku hiyohiyo na itumwe kwenye simu ya mtu mwingine, maana simu yenyewe inaweza kuporwa tena, na akaunti ikifungwa kumbukumbu hazifunguki. Kamera za maduka huandika juu ya picha za zamani. Nyingine hazimalizi wiki mbili. Asiyekwenda kuziomba mapema hukuta hamna kitu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua kumbukumbu hizi mahakamani, kwa hiyo mpelelezi asimwambie dereva kwamba "mambo ya simu si ushahidi".

Majeruhi achukue PF3, fomu ya Polisi ya matibabu, kituoni ndipo aende hospitali. Akiwa na hali mbaya atibiwe kwanza, fomu ifuate. Daktari aandike anachokiona: urefu wa jeraha, mahali lilipo, kama limesababishwa na kitu butu au chenye ncha. "Amepigwa" peke yake haimsaidii hakimu. Chombo kikaguliwe na mkaguzi wa magari wa Polisi kabla hakijapelekwa gereji. Hili madereva wengi wanalikosea: wanakimbilia kufunga waya mpya wa klachi ili wapate hesabu ya jioni, na kosa la kuharibu mali linafutika wenyewe wakilitazama. Kipande kilichokatwa kitunzwe, na risiti ya kipya pia. Halafu dereva asitoke kituoni bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha kituo. Hailipiwi, na PF3 nayo hailipiwi.

Upande wa Polisi kuna kikwazo kinachowafanya madereva wasiripoti kabisa, nacho ni bajaji kuzuiliwa kama kielelezo. Dereva wa hesabu, chombo kikilala kituoni wiki mbili, anadaiwa na tajiri kila siku na mwisho ananyang'anywa kazi. Kijiwe wanalijua hilo na ndilo wanalomtishia nalo. Bajaji iliyovunjwa kioo ipigwe picha, ikaguliwe, iandikiwe, irudishwe kwa mwenyewe kwa hati ya kuileta itakapohitajika. Kama kuna kitu cha kubaki kituoni, basi ni kile kipande cha waya.

Kukamata pia kuna namna yake. Tumeona mtindo wa kuzoa kijiwe kizima, vijana 15 ndani ya gari moja, na jioni wote nje kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyetambuliwa. Hilo linaongeza chuki na haliongezi kesi. Mtuhumiwa ni mtu mmoja mmoja. Wengi huvaa vizibao vyenye namba, na bodaboda na bajaji zina namba za usajili zinazoanza na MC. Dereva afundishwe kukariri tarakimu tatu na herufi tatu hata akiwa katika purukushani. Anayerudia vitisho apelekwe mbele ya hakimu aweke dhamana ya kutunza amani. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inaruhusu, ila haitumiki vya kutosha. Na askari mwenye bajaji au bodaboda yake kwenye kijiwe fulani asipangiwe kupeleleza kesi ya kijiwe hicho. Hatusemi ni mbaya, lakini jioni hesabu inamfikia kutoka huko, na dereva wa mtandao hawezi kumwamini.

Doria hatuombi ya kutwa nzima. Tanga si kubwa kiasi hicho na saa za hatari zinajulikana. Ni jioni hadi usiku mabasi yanapoingia Kange, ni asubuhi na baada ya muda wa kutazama wagonjwa nje ya Hospitali ya Bombo, ni siku za mechi uwanja wa Mkwakwani watu wanapotoka kwa mkupuo. Askari wawili wanaoonekana, kwa saa hizo tu, wanatosha kuzuia mkono usichomoe funguo. Namba 112 haina malipo, lakini anayeipokea lazima ajue kwamba "nimezuiwa kijiweni" ni uhalifu unaoendelea.

Kampuni za programu zina sehemu yao, na tunadhani wamekaa kimya mno. Ombi la kutegea ni jambo la kila mtu kulijua: kijana wa kijiwe anafungua akaunti ya abiria, anaita bajaji, na programu inampa jina la dereva, namba ya chombo na ramani inayoonyesha anakuja kwa njia gani. Dalili zake ni akaunti mpya, safari ya karibu mno, na "abiria" anayeng'ang'ania dereva aingie hadi ndani ya stendi badala ya kukutana barabarani. Dereva mwenye akili huikataa safari hiyo, na hapo programu inampunguzia alama kwa kukataa, hata kumfungia. Kwa hiyo anaadhibiwa mara mbili. Kampuni ziruhusu sababu ya "si salama" isiyomkata alama, na zihamishe mahali pa kupakia mita 200 kutoka kijiwe. Polisi wakiandika barua kuomba taarifa za akaunti iliyotega, ijibiwe haraka, na awepo mtu nchini wa kuijibu.

Nao madereva wa mtandao wajisafishe. Leseni ya udereva iwe hai, leseni ya LATRA iwepo, bima isiwe imekwisha. Asiye na hivyo anaogopa kwenda kituoni, na kijiwe wakishamjua wanampiga bila wasiwasi. Baya zaidi ni akaunti ya kuazima. Unaendesha kwa jina la shemeji yako, unapigwa, unapeleka picha ya safari, na safari inasema dereva alikuwa mtu mwingine. Ushahidi wako umekugeuka.

Kwingine wamepita njia hii. Munnar, katika jimbo la Kerala nchini India, mwaka 2025 mgeni kutoka Mumbai alizuiwa na madereva wa hapo asipande gari aliloliita kwa simu. Askari waliofika wakawaunga mkono madereva, na baada ya video yake kusambaa askari wawili wakasimamishwa kazi. Ulinzi unaofika na kusimama upande wa anayezuia ni mbaya kuliko kutofika. Afrika Kusini waliacha uadui wa teksi na magari ya mtandao ukomae miaka mingi, hadi Agosti 2025 dereva akauawa kwa risasi nje ya Maponya Mall, Soweto. Sisi bado tuko kwenye turubai na waya wa klachi. Huu ndio wakati wa kushika.

Linalobaki ni la Jiji, na bila hilo askari watachoka. Kange patengwe eneo la kupakia la wanaoitwa kwa simu, nje ya geti, lenye kibao na taa, chombo kisikae zaidi ya dakika tano, na anayekaa akisaka abiria wa kuokota bila ombi atozwe faini, kwa sababu huyo ndiye anayekula zamu ya kijiwe kweli. Wenyeviti wa vijiwe waitwe wakati eneo linapimwa, waone mstari unachorwa wapi. Bombo pafanyike vivyo hivyo, ila huko mstari uwe karibu zaidi na mlango: mgonjwa hawezi kutembezwa mita 200.

Sisi wasomaji wenu,
Madereva wa bajaji na teksi,
Tanga Mjini