Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ruzuku ya Elimu kuhusu Sumu za Kemikali

Ndugu wanachama,

Naanza na fedha, maana najua ndizo zilizowaleta wengine mapema leo. Ruzuku tuliyoomba kwa ajili ya kuelimisha jamii kuhusu kemikali zenye sumu tuliipata, ila awamu ya pili ilichelewa sana kuingia. Mfadhili alitaka stakabadhi za awamu ya kwanza zipitiwe upya, na katikati ya zoezi hilo afisa aliyeshika faili letu akahamishwa. Kipindi chote hicho waelimishaji wetu waliendelea kufanya kazi, wengine wakijilipia nauli. Wamekwisha kurudishiwa fedha zao. Hesabu zilizokaguliwa atawasomea Mweka Hazina, nami sitamwingilia.

Ninalotaka kulisema kwa kirefu ni kile fedha hizo zilichonunua. Mkataba ulipima mafanikio kwa mahudhurio na kwa vipeperushi vilivyogawiwa. Kwa kipimo hicho tulifaulu. Lakini nilikaa nyuma ya ukumbi kwenye baadhi ya vikao, nikamsikia mama mmoja, baada ya kuelezwa vizuri kabisa jinsi madini ya risasi yanavyodumaza akili ya mtoto, akiuliza: “Sawa, nimeelewa. Sasa kwangu ipo au haipo?” Mtoa mada hakuwa na jibu. Bajeti haikuwa na fungu la kupima hata kijiko kimoja cha vumbi.

Swali lile ndilo lililogeuza kazi yetu. Sumu hizi hazionekani kwa macho. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini, na mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima. Aseniki, sumu nyingine, ikiwa katika maji haina rangi, ladha wala harufu. Wasikilizaji wengi walidhani kuchemsha kunatosha, na kwa vijidudu kweli kunatosha. Aseniki haiondoki kwa moto. Maji yanapopungua kwa mvuke, yenyewe inazidi kukolea. Kumtisha mtu kwa kitu asichoweza kukiona, kisha ukamwacha bila kipimo, ni kumwongezea hofu tu.

Bangladesh walilitatua hilo kwa kopo la rangi. Visima vya pampu vilipimwa. Vile vilivyozidi mikrogramu 50 za aseniki kwa lita vikapakwa rangi nyekundu, vingine kijani. Asiyejua kusoma naye alielewa, na familia nyingi zikahamia kuchota kwa jirani. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni kikali zaidi, mikrogramu 10, kwa hiyo kijani kile si sawa na usalama kamili. Hata hivyo, huo ndio mfano tuliompelekea mfadhili, akakubali sehemu ya fungu la uchapishaji ihamishiwe kwenye sampuli za maji, vumbi na rangi za kuta.

Kila kaya ilikabidhiwa majibu yake kwanza, kwenye karatasi moja, na mwelimishaji akakaa kuyafafanua. Katika nyumba ya fundi anayeyeyusha betri chakavu, vumbi lenye risasi nyingi lilikutwa chini ya msumari anapotundika ovaroli yake, hatua chache tu kutoka mkeka wa watoto. Hapo somo halikuhitaji projekta. Ovaroli sasa inabaki kazini, inafuliwa peke yake, sakafu inapigwa deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiwa, na watoto walipelekwa kupimwa damu.

Lakini tusijidanganye. Wafadhili wanapenda somo la kunawa mikono kwa sababu halimkeri mtu. Mama akipiga deki asubuhi na tanuru likaendelea kutoa moshi mchana, tumemtwisha yeye mzigo wa mwenye tanuru. Ugonjwa wa Minamata kule Japani, uliotokana na kula samaki wenye zebaki, uliripotiwa rasmi mwaka 1956. Kiwanda kiliacha uzalishaji uliokuwa ukimwaga zebaki baharini mwaka 1968. Katika miaka hiyo 12, wavuvi hawakukosa elimu. Na petroli yenye risasi haikutoweka duniani mwaka 2021 kwa kuwa madereva walihudhuria semina. Serikali ziliipiga marufuku, moja baada ya nyingine. Kwa hiyo mwaka ujao napendekeza elimu yetu iwafundishe watu pia namna ya kuandika malalamiko, kudai ripoti ya athari kwa mazingira na kufuatilia majibu.

Kuna ofa moja tuliyoikataa, na wajumbe wawili wa kamati hawakuridhika. Mwenye kiwanda alijitolea kugharimia semina zetu, kwa fedha nyingi kuliko ruzuku yote, kwa sharti kwamba matokeo ya vipimo yapite kwake kabla ya kuwafikia wakazi. Mimi nilipiga kura ya hapana na sijajuta, ingawa pengo la bajeti mtaliona wenyewe.

Ili kuliziba, Katibu anaandaa andiko kwa Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira Duniani, ulioanza mwaka 1992 na unaohudumia vikundi vya kijamii, kemikali na taka zikiwa miongoni mwa maeneo yake. Kwa muda mrefu ukomo wa ruzuku moja ulikuwa dola 50,000 za Marekani. Safari hii upimaji na ziara za kurudisha majibu vitakuwa na mafungu yake tangu mwanzo.

Kamati inaomba azimio kwamba chama hakitasaini mkataba wowote unaozuia wakazi kupewa majibu ya nyumba zao. Rasimu iko ukurasa wa mwisho wa makabrasha yenu. Tutaipigia kura Mweka Hazina akishamaliza.