Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika: ripoti zetu wenyewe zifanyiwe kazi

Mheshimiwa Mahmoud Ali Youssouf,

Ninakuandikia kuhusu Mpango wa Afrika wa Kujitathmini Kiutawala Bora, ulioanzishwa mwaka 2003. Zaidi ya nchi 40 zimejiunga nao kwa hiari na kukubali kukaguliwa na wenzao, jambo ambalo si dogo kwa serikali zilizozoea kumjibu jirani anayeuliza kwamba hayo ni mambo ya ndani.

Kasoro haiko kwenye ukaguzi. Ripoti ya Kenya ya mwaka 2006 ilitahadharisha kuhusu mgawanyiko wa kikabila na manung'uniko ya ardhi, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,000 waliuawa. Ripoti ya Afrika Kusini ilitaja chuki dhidi ya wageni. Serikali ikalikana hilo, na mnamo Mei 2008 zaidi ya watu 60 wakapoteza maisha katika mashambulizi yaliyowalenga hasa wahamiaji. Wakaguzi waliona vyema. Waliokabidhiwa ripoti ndio hawakuzitendea haki.

Wapo watakaosema kwamba utawala ni suala moja na biashara ni jingine. Lakini mapema mwaka 2008, reli ilipong'olewa Kibera na malori yakashindwa kupita kutoka Mombasa, mafuta yaliadimika Kampala na Kigali, na walioumia huko ni watu ambao hawakuwa na kura katika uchaguzi wa Kenya. Mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika, uliotiwa saini Kigali mwaka 2018, unakusudia kufungamanisha masoko yetu zaidi ya hapo, na kwa hiyo utayafikisha mbali zaidi madhara ya uongozi mbovu wa nchi moja.

Kanuni za mpango huu zinataka ripoti iwasilishwe hadharani katika vyombo vya bara, likiwamo Bunge la Afrika, miezi 6 baada ya kujadiliwa na wakuu wa nchi. Ninaomba Kamisheni ishawishi nchi wanachama ziongeze sharti kwamba ripoti ijadiliwe pia katika bunge la nchi husika, na waziri aeleze kwa maandishi kila pendekezo limefikia wapi. Aidha, tahadhari inayohusu machafuko ipelekwe moja kwa moja kwenye Baraza la Amani na Usalama, kabla nchi husika haijaingia kwenye kampeni za uchaguzi.

Wako katika ujenzi wa Afrika,
Raia wa Afrika Mashariki