Barua kwa Rehema: maabara ndani ya simu ya baba yako

Aachen, Ujerumani
14 Septemba

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Hatujambo huku, baridi ndiyo kwanza inabisha hodi. Orodha yako ya linki za kujifunzia fizikia nimeipitia: arobaini na ushee, karibu zote video. Zifute. Saa moja ya video ya ubora wa kati inakula megabaiti mia kadhaa, bando la baba yako linakata kabla mada ya kani haijaisha, na ukijumlisha yote umemtazama mtu mwingine akikokotoa. Kwa bando hilohilo unapata maabara, kitabu na vifaa vya kupimia, na vikishaingia kwenye simu havidai intaneti tena.

Anza na PhET. Ni maabara pepe za Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder, Marekani, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa ametoka kupata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka mmoja kabla. Ingia phet.colorado.edu, chagua fizikia, kisha chuja zibaki za HTML5 tu, yaani zinazofunguka kwenye kivinjari cha simu. Zile za zamani za Java ziache, simu haiziwezi. Kila maabara ina alama ya mshale wa kupakua. Ukiibonyeza linashuka faili moja la megabaiti chache linaloishia na .html. Wengi hukwama hapa: wanaligusa faili, simu inalifungua kwa kisomaji chake cha maandishi, unatokea ukurasa mweupe au msitu wa herufi, wanadhani limeharibika. Halijaharibika. Lishikilie, chagua kulifungua kwa Chrome. Likifunguka, zima data kabisa ujaribu tena, ili ujue kweli linafanya kazi bila mtandao.

Maabara nyingi zina tafsiri ya Kiswahili. Pakua zote mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Ya kwanza ya kuelewa, ya pili kwa sababu mtihani wa Kidato cha Nne utakuuliza kwa Kiingereza na hautakusubiri utafsiri.

Sasa usiingie humo kuchezea vitufe. Andika jibu kwenye daftari kwanza, ndipo uguse skrini. Chukua maabara ya sakiti: betri ya volti 9, balbu mbili, kila moja weka ukinzani wa omu 10. Zikiwa mfuatano, ukinzani ni omu 20, kwa hiyo ameta (kipima mkondo) isome 0.45 A. Zikiwa sambamba, kila balbu inapitisha 0.9 A na betri inatoa 1.8 A. Ukipata tofauti, tazama ulipoiweka ameta: sambamba, ikiwa kwenye njia ya balbu moja itakuonyesha mkondo wa balbu hiyo peke yake, si wa betri. Kisha fungua sehemu ya ziada inayokuruhusu kubadili ukinzani wa ndani wa betri, uweke omu 2, ubakize balbu moja tu. Mkondo unakuwa 9 ÷ 12, yaani 0.75 A, na voltimeta kwenye ncha za betri inashuka hadi 7.5. Zile volti 1.5 zimeishia ndani ya betri. Mada hiyo hukaririwa kama shairi bila kueleweka, na hapa unaiona ikitokea mbele ya macho. Ukiurudisha ukinzani wa ndani hadi sifuri, kisha ukaunganisha waya moja kwa moja toka ncha hadi ncha, betri ya kwenye skrini itawaka moto. Ya nyumbani usiijaribu hivyo, hasa ya gari la baba yako.

Kitu cha pili kimetengenezwa hapahapa mjini, Chuo Kikuu cha RWTH: programu ya simu iitwayo phyphox. Haina malipo, nayo inageuza vihisi vya simu kuwa vifaa vya kupimia. Usihangaike na jaribio lake la pendulamu kwanza, kwa kuwa linatumia kihisi cha mzunguko na simu nyingi za bei nafuu hazina. Jaribio halitaanza na hutajua kwa nini. Tumia saa inayoendeshwa na sauti. Inahitaji maikrofoni tu, nayo kila simu inayo.

Pima mvutano wa dunia hivi. Rula ichomoze sentimita 5 hivi nje ya ukingo wa meza, juu ya ncha yake weka nati nzito ya bolti (gololi itakusumbua kwa kubingirika), na chini sakafuni weka sinia. Gonga rula ubavuni kwa kalamu, kwa nguvu na ghafla. Rula inaruka pembeni, nati inaanguka wima. Mlio wa kugonga unaanzisha saa, mlio wa sinia unaisimamisha. Kwa meza ya sentimita 75 unatarajia kama sekunde 0.39. Urefu upime kutoka chini ya nati hadi kwenye sinia, si kutoka mezani hadi sakafuni.

Kuna mipangilio miwili ya kurekebisha. Wa kwanza ni kiwango cha sauti kinachoiamsha saa: kikiwa chini mno jogoo wa jirani ataianzisha, kikiwa juu mno sinia haitaisimamisha. Wa pili ni muda mfupi ambao saa hupuuza sauti baada ya kuanza. Ukiona inasoma 0.10 au 0.11 kila mara, bila kujali urefu, ujue mwangwi wa kule kugonga ndio unaoisimamisha. Ongeza muda huo hadi sekunde 0.2.

Rudia mara tano kwa kila urefu, na uwe na urefu angalau nne, tuseme mita 0.5, 0.75, 1.0 na 1.5. Usikokotoe g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, kwa pimo moja. Muda unapigwa kipeo cha pili, hivyo ukikosea sekunde 0.01 tu kwenye 0.39, g inapotea kwa asilimia 5 hivi. Chora grafu ya urefu dhidi ya t² (muda kwa kipeo cha pili), tafuta mteremko, uzidishe kwa 2. Mteremko ukiwa karibu na 4.9 uko salama.

Kitabu kipo OpenStax, cha Chuo Kikuu cha Rice, Houston. Unapakua PDF bila kulipa, na leseni yake inaruhusu kuchapa. Chukua kile cha sekondari kiitwacho Physics. Kile cha University Physics kinatumia kalkulasi, kiache hadi Kidato cha Sita. Mafaili ni mazito, kwa hiyo kimoja kinatosha. Mfuate mwenye duka la steshenari akuchapie kurasa za maswali tu.

Muhtasari wa kwetu lakini haumo humo. Vitabu vya kiada viko kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na Baraza la Mitihani huweka kwenye tovuti yake uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, pamoja na mifano ya majibu mabovu na kosa lililofanyika. Watu wanayakimbilia maswali ya miaka iliyopita na kuuruka uchambuzi huo. Wewe anza nao.

Tovuti yoyote inayosema bure halafu ikaomba namba ya kadi ya benki au simu ya baba kwa ajili ya malipo, toka.

Mwambie baba yako asinunue bando la mwezi. Gigabaiti moja ya siku moja inatosha kitabu kimoja, maabara ishirini na phyphox. Wenzako wasio na bando wapelekee mafaili ya .html kwa Bluetooth au WhatsApp, yakitumwa kama waraka. Na mwalimu wenu akitaka kuiweka PhET yote kwenye kompyuta za shule, kuna programu ya Kiwix inayoibeba kama faili moja. Tahadhari yake ni flashi: iliyofomatiwa kwa mtindo wa zamani wa FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4, itagoma hata kama nafasi ipo.

Nitumie jedwali la urefu na muda kabla hujachora grafu, na vipimo ulivyoviona vibaya usivifute. Msalimie wifi, na bibi mpe shikamoo yangu.

Shangazi yako