Usikodi lori, shoga yangu

Mtwara, Agosti

Shoga yangu mpenzi, Mama Salum,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, watoto wazima, mama mkwe bado anasumbuliwa na magoti lakini ulimi wake uko palepale, na kusi inavuma kiasi kwamba nguo inakauka kabla hujamaliza kuanika ya pili. Natumaini nanyi huko Kimara ni wazima, na kwamba Shemeji ameshapumzika baada ya sherehe zote zile za kuagwa.

Kilichonifanya nishike kalamu ni ule ujumbe wako wa sauti, ambao nimeusikiliza zaidi ya mara moja nikidhani huenda masikio yangu yana kasoro. Unasema uhamisho umeshatoka, mnaingia Mtwara mwishoni mwa Septemba, na kwa kuwa umeambiwa huku hakuna duka la maana, unakusudia kwenda Kariakoo ununue kila kitu, kuanzia kabati hadi ndoo ya kuogea, ukodi lori, ulipakie, literemke navyo kusini kilomita zipatazo 560. Ningeweza kukujibu kwa simu, lakini kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, na jambo hili lina sentensi nyingi. Aliyekuambia hayo ninamjua bila kutajiwa, na nina hakika kwamba mara yake ya mwisho kufika huku watu walikuwa bado wanavuka Rufiji kwa pantoni, kwa sababu tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 sijamwona hata kivuli.

Nikiri kwanza lililo kweli, usije ukasema nimekuficha. Mlimani City hatuna. Hakuna jengo moja utakaloingia asubuhi, ukala, ukanunua viatu, ukatoka jioni hujui kama nje kulikuwa na mvua. Tulichonacho ni Soko Kuu na mitaa inayolizunguka, maduka ya jumla, fremu za nguo zisizohesabika, mitumba, magenge ya uswahilini, Feri kwa ajili ya samaki, na vimaduka vichache vyenye milango ya vioo vinavyojiita supamaketi. Hivyo vya vioo usivitegemee sana. Kimoja, ambacho jina lake nalihifadhi, kiliniuzia maziwa ya mtindi ambayo kifuniko chake kilikuwa kimevimba juu kama tumbo la mtoto aliyeshiba, kwa sababu umeme ukikatika usiku majokofu nayo yanalala, na asubuhi yanawashwa kana kwamba hakuna lililotokea. Nilipoyarudisha, yule kijana wa kaunta akanionyesha tarehe iliyoandikwa pembeni, akaniambia muda wake bado. Kwa hiyo kwa vitu vya baridi, bonyeza kifuniko kwa kidole kabla ya kusoma tarehe. Kwa mchele, sukari, sabuni na mafuta, nenda duka la jumla, ukajiunge na wenzako wawili watatu mgawane mfuko, nasi tupo.

Sasa nirudi kwenye lori lako. Kosa la mpango huo haliko kwenye gharama ya usafiri peke yake, ingawa nayo utaiona. Liko kwenye bahari. Umesema Shemeji anatafutiwa nyumba Shangani, na Shangani ni kuzuri, upepo upo na macho yanapumzika, lakini upepo ule unakuja na chumvi, na chumvi haichagui cha ghali wala cha rahisi. Vile viti vya miguu ya chuma king'aacho, ambavyo nakujua roho yako inavipenda, vitaanza kutoa madoa ya kutu kwenye maungio kabla ya mwaka kwisha. Vijiti vya mapazia vya chuma hali kadhalika, na kufuli za milango, na bawaba za kabati. Zile kabati za kisasa zilizotengenezwa kwa maranda yaliyogandishwa kwa gundi, ambazo Kariakoo zinapangwa zikang'aa utadhani kioo, zikipata unyevu wa masika huku zinavimba kwenye miguu, milango inagoma kufunga, na siku ya kuhama haziinuki, zinamomonyoka. Ukizibeba kwenye lori kwa barabara ile nzima, zitafika na nyufa tayari.

Kitanda, kabati na meza vitengenezewe hapa. Mninga na mkongo vinatoka huku huku kwetu kusini, maseremala wapo, na faida kubwa ni kwamba unaweza kwenda kibandani kwake ukaona ubao wenyewe kabla haujapakwa vanishi. Usikubali kuonyeshwa kitanda kilichokwisha kung'arishwa, kwa sababu vanishi inafunika mengi. Mwambie akupe kipande, kishike uone uzito wake, angalia kama kuna vijitundu vya wadudu kwenye upande wa ganda, na mpe pesa kwa awamu, nusu mwanzo na nusu baada ya kuletewa nyumbani, kwani seremala aliyelipwa zote ana misiba mingi.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, kwa maana hili aliyekushauri hakulijua: huku kwetu cha kujua kwanza ni mwezi wa kununua, duka linafuata baadaye. Minada ya korosho kwa kawaida huanza Oktoba, na fedha zikishaingia kwenye akaunti za wakulima, mji huu unabadilika. Malori ya magodoro, mabati, spika na pikipiki yanashuka kutoka Dar es Salaam, wachuuzi wageni wanajaa, na kila kitu kinapanda, mpaka nauli ya bodaboda. Mwaka 2024 minada ya kwanza ilipofungua kwa zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo, niliona kwa macho yangu watu wakinunua makochi bila kuuliza bei, na ukiwa mtumishi wa mshahara ukijitokeza kupatana bei, muuzaji anakutazama kwa huruma, kisha anamgeukia mwingine. Ukumbuke pia ule msimu wa 2018, wanunuzi binafsi walipogoma na Serikali ikaingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo huku jeshi likisomba mzigo, malipo yakachelewa kwa wengi, na wenye maduka waliokwisha jaza stoo wakabaki wanapiga miayo barazani. Wakati ule mwenye vijisenti vyake alinunua alivyotaka. Ndiyo maana nakwambia, mkiingia mwishoni mwa Septemba mna wiki chache tu za kuagiza vitu vikubwa kabla wimbi halijaja. Vilivyobaki mvisubiri mpaka Machi au Aprili, mfuko wa mkulima ukishakauka, hapo muuzaji mwenyewe anakuita shangazi.

Kuna jambo jingine ambalo Dar es Salaam hulipati kwa urahisi huu, nalo ni vitu vya wanaohama. Mji huu umepokea wageni wengi kwa mafungu. Walikuja wa gesi wakati bomba la kwenda Dar es Salaam linajengwa, wakaja wa kiwanda cha saruji cha Dangote, na kila mradi unapofika ukingoni watu wanarudi makwao na kuuza walivyonavyo. Makochi ya enzi ya gesi bado yanazunguka kutoka nyumba hii hadi ile, mengine nayajua kwa sura. Jokofu na jiko la gesi vinapatikana kwa njia hiyo kwa bei ya heshima, ila jokofu ulipindue uangalie mgongo wake, kwa sababu chumvi niliyokutajia huanzia kule nyuma ambako mwenye kuuza hapafuti.

Mitumba nimeiacha makusudi ije baadaye kwa kuwa najua utaniuliza kwa urefu. Ipo, na ni mizuri kuliko unavyodhani, ingawa marobota yanatoka huko huko Dar es Salaam. Mfanyabiashara wa hapa anakwenda kulinunua likiwa limefungwa, hajui ndani mna nini zaidi ya aina na daraja lake, analipakia kwenye basi au lori, na siku ya kulifungua anawapigia simu wateja wake. Hapo ndipo penye siri yote. Anayefika wakati kamba inakatwa anachagua cha kwanza na analipa cha kwanza, atakayekuja siku zinazofuata anakuta bei imeshuka na vizuri vimekwenda, mwishoni kinabaki kilima chini kwenye turubai na kijana anapiga kelele "mia tano, mia tano, mama inama uchague." Mimi ninaye dada mmoja wa mashuka na mapazia, nitakupeleka kwake, ukishaandikwa kwenye simu yake basi umekwisha kuwa mwenyeji.

Mapazia hasa ndiyo ninayotaka uache kabisa kununua huko. Ya mtumba yanayotoka Ulaya ni mazito, yana bitana, jua la hapa haliyapaushi haraka, lakini yalishonwa kwa madirisha marefu kuliko yetu, kwa hiyo pazia moja linatoa madirisha mawili na kipande cha mto wa kochi. Namna ya kuliangalia ni hii: usilitazame pale chini ya turubai, kwa sababu turubai la bluu linadanganya rangi. Litoe nje, lishikeni wawili, liinueni dhidi ya jua. Palipochakaa pataonekana kama ukungu mwepesi, hasa kwenye mikunjo ya juu ambako ndoano zilikaa, na palipopigwa na jua kwa miaka rangi itakuwa imepauka kwa mistari. Kisha lipitishe mkono kwenye upindo wa chini, usikie kama kuna risasi ndogondogo, yale madini mazito, zilizoshonewa humo za kulifanya lining'inie vizuri; hizo zitoe kabla ya kufua, zinaharibu. Mama Zuhura alibisha, akafua nazo, shuka jeupe lote likatoka na madoa ya kijivu, na mpaka leo anasema ni maji ya bomba.

Kanga na vitenge usininunulie wala usijinunulie. Msimu huu wa unyago maduka yameleta mpaka yamepitiliza, na wachuuzi wanaovuka kutoka Msumbiji nao wana vyao, na sherehe zikipungua doti zinashuka bei. Utakapofika utaalikwa kwenye ngoma mbili tatu kabla hujapanga vyombo, na huko sare ni lazima, hivyo bora ujue rangi kwanza. Vyombo vya jikoni navyo visikuumize kichwa, kwani tuna mchezo wetu wa vyombo, kila mwezi mmoja wetu anapelekewa alichotaka, nami nimeshamwambia mweka hazina akuhesabu. (Ndiyo, bado ni yule yule. Hapana, bado hajarudisha.)

Upande wa chakula ningeweza kuandika barua nyingine. Feri unakwenda asubuhi mashua zinapoingia, au unamsubiri anayepita mitaani na baiskeli ukubali kulipia miguu yake. Pweza anapatikana, na ming'oko yako, ile mizizi ya porini ya kuchemsha yenye chumvi, pilipili na ndimu, ipo palepale kando ya barabara kama ulivyoiacha.

Huenda ukadhani nachukia vya Dar es Salaam. Hapana, kwa sababu vya dukani karibu vyote vinatoka huko kwa barabara hiyo moja, na Mei 2024 mafuriko yaliyokuja na kimbunga Hidaya yalipoikata barabara pale Somanga, tulikumbushwa tunamtegemea nani. Lakini hivyo vimeshasafirishwa na wenye kazi hiyo, wamegawana gharama watu wengi, wewe ubebe lako peke yako kwa nini? Leta magodoro yenu kwa kuwa mmeyazoea, leta jokofu lenu kama ni zima, leta viatu vya shule vya Salum, maana kwa mguu ule sina hakika na fremu zetu. Vyote hivyo vinaingia kwenye gari dogo, au kwa mzigo wa basi mkivifunga vizuri.

Na sasa ombi langu, ambalo ni dogo. Ukipita Kariakoo, ninunulie sindano za cherehani namba 16 na 18, pakiti kadhaa za kila moja, pamoja na bobini za chuma. Za hapa zinakatika nikifika kwenye bitana, na mapazia yako nitakayeyashona ni mimi, kwa hiyo uone kuwa ni ombi langu na lako pia.

Nijibu basi haya, na unijibu kwa maandishi. Nyumba ya Shangani imeshathibitishwa au bado wanawazungusha, na je, ina madirisha mangapi na upana gani? Upande wa sebule unatazama baharini au unatazama ua? Shemeji amekubali kuuza lile kabati la vioo au ndilo linalotaka lori? Lile jiko lenu linatumia mtungi wa ukubwa gani? Salum ataanza shule Oktoba hiyo hiyo au atamalizia muhula huko kwa bibi yake? Na ni kweli niliyosikia, kwamba Mama Sofia ameifunga ile fremu yake ya Manzese na anatafuta pa kuyapeleka marobota yaliyobaki? Kama ni kweli, mwambie anipigie kabla hajaongea na mtu mwingine yeyote.

Wasalimie wote, na lori usilipe hata kishika uchumba mpaka tumalize mazungumzo haya.

Wako,
Mama Rashidi