Barua kwa wazazi wanaohamisha watoto wao wakubwa

Wazazi wenzangu,

Mtoto akipiga simu kusema anahama, wengi wetu huitikia "nakuja" kabla hata hajaomba. Kazi inafanyika, mizigo inafika, tunarudi nyumbani tukitembea vizuri tu. Siku ya pili yake kushuka kitandani ni shughuli, na kukaa chooni ni shughuli kubwa zaidi. Hapo watu wazima na akili zao wanatangaza kwamba wamezeeka. Hakuna anayezeeka kwa siku mbili. Kilichotokea kina maelezo yake, na sehemu kubwa kinaepukika.

Ni kweli misuli inapungua. Tangu miaka ya 30 mtu hupoteza kama asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi huongezeka. Nguvu nazo hutoka upesi kuliko ukubwa wa msuli, ndiyo maana mkono unaonekana uleule lakini kabati halinyanyuki. Ila yale maumivu yanayochelewa, yanayofikia kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya kazi, si ya uzee. Huletwa na msuli kubeba uzito huku unavutika: kushuka ngazi na mzigo, kuteremsha boksi polepole hadi sakafuni, kuzuia kochi lisiteleze. Kijana wa miaka 25 anayeshinda kwenye kiti ataumwa mapaja vilevile. Tofauti ni kwamba sisi hukawia kupona, na chini ya misuli hiyo kuna magoti, mabega na pingili zilizokwisha kutumika sana.

Kwa hiyo dawa bora hutangulia kazi. Wiki moja au mbili kabla, panda na ushuke ngazi mara kadhaa ukiwa na mfuko wa kilo 3 au 4, kiasi cha kuhisi mapaja kidogo kesho yake. Msuli ulioonja kazi hiyo hata mara moja hauumi sana ukikutana nayo tena ndani ya wiki chache. Mwenye muda zaidi aanze kusimama kutoka kitini bila kujishika kwa mikono: mara 10, apumzike, arudie hadi awamu tatu, siku mbili au tatu kwa wiki. Akishindwa kufika 10, hilo ni jibu tosha kuhusu kochi.

Sasa uzito. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, huanzia kilo 23 kama kikomo cha kunyanyua kwa mikono, na hapo ni katika hali nzuri kupita zote: mzigo uko karibu na mwili, hauanzii chini, hauhitaji kujipinda, una mahali pa kushika. Ukiuokota sakafuni kikomo kinashuka. Ukiushika mbali na tumbo kinashuka zaidi. Boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 30 likijazwa vitabu huvuka kilo 20 bila taabu, na vijana hupenda kulijaza pomoni kwa sababu linafungika vizuri. Vitabu viingie boksi dogo, au nusu boksi na mito juu yake. Kwa aliyevuka 60 na hana mazoea ya kubeba, mimi naweka mstari kwenye kilo 10, na sitabishana na anayesema 12. Huna haja ya mizani. Lisukume boksi kwa mguu, kisha inua kona moja. Ukijikuta unabana pumzi, si lako hilo. Kubana pumzi wakati wa kunyanyua hupandisha presha ghafla, hata kwa mtu ambaye dawa zake zimemkaa vizuri.

Kuna kitu kimoja nakithamini kuliko mkanda wowote wa kiuno: meza karibu na mlango. Waambieni vijana kila boksi lifungiwe juu ya meza, si sakafuni. Hapo unasogea hadi tumbo liguse ukingo, unalivuta boksi lije kifuani, mkono mmoja chini ya kona ya mbele na mwingine chini ya kona ya nyuma upande wa pili, kisha unageuka kwa hatua za miguu, si kwa kupinda kiuno. Huko linakokwenda liwepo jukwaa jingine, hata kama ni maboksi mawili yaliyopangwa pamoja. Nusu ya kuinama imekwisha hapo.

Kwenye ngazi, anayekaa chini ndiye anayeelemewa na uzito, na anayetembea kinyumenyume haoni anakokwenda. Nafasi zote mbili si zetu. Mwenye miwani ya lenzi mbili avue au avae ya kuonea mbali tu, kwa sababu sehemu ya chini ya lenzi ile hufifisha ukingo wa kidaraja. Ndala zibaki nyumbani.

Sasa mtu ataniuliza, tukiacha kubeba tunakwenda kufanya nini? Kazi zipo, na ndizo vijana wanazoharibu. Friji inatakiwa izimwe usiku wa kuamkia siku hiyo, barafu iyeyuke, maji yafutwe, na isafiri imesimama. Ikilazimika kulazwa, ikifika isimamishwe saa kadhaa kabla ya kuchomekwa umeme, ili mafuta yarudi kwenye kompresa; kitabu cha maelekezo husema ni saa ngapi. Mashine ya kufulia ina maji yaliyobaki kwenye mpira na chujio, yasipotolewa yatalowesha magodoro. Ile ya mlango wa mbele huja na boliti ndefu za kushikilia pipa safarini. Zikipatikana zifungwe, na ikifika huko zitolewe kabla ya kuwashwa, la sivyo itarukaruka sakafuni. Kitanda kifunguliwe, skrubu zake zote ziingie mfuko mmoja, mfuko ugundishwe kwa selotepu kwenye ubao wa kichwani. Piga picha nyaya za nyuma ya televisheni kabla hujazichomoa. Na kila boksi liandikwe ubavuni, si juu, maana yakishapangwa juu hakuonekani. Mtu mwenye bisibisi na kalamu nene anaokoa muda kuliko mbebaji wa tano.

Lakini kazi nyepesi nayo ina mtego wake. Kuchuchumaa saa mbili ukifunga sahani kwa magazeti kutakuumiza kiuno kuliko boksi lenyewe. Fungia mezani, na unyanyuke kila baada ya dakika 20 hivi.

Usianze kuinama mara tu utokapo kitandani. Usiku diski za uti wa mgongo hufyonza maji na kuvimba kidogo, kwa hiyo saa ya kwanza baada ya kuamka mgongo haupendi kukunjwa. Tembea kwanza. Kiu nayo hufifia kwa umri: usiisubiri, kunywa maji kidogokidogo kila nusu saa, isipokuwa daktari amekuwekea kiwango kwa sababu ya moyo au figo. Na mkubaliane saa ya kuacha. Miguu ikishachoka, jicho huwa bado linasema "safari moja tu", na ndipo kidaraja hukosewa.

Ukirudi, usijitupe kwenye kochi moja kwa moja. Tembea dakika 10, oga maji ya moto, kula chakula chenye protini ya kutosha, lala. Kesho yake tembea tena hata kama unakokota. Kulala kitandani siku nzima huchelewesha mgongo kupona. Dawa ya kwanza iwe parasetamoli: vidonge vya miligramu 500 visizidi 8 kwa saa 24 kwa mtu mzima, na mwenye mwili mdogo au ini bovu atumie pungufu kwa ushauri. Angalia pia dawa ya mafua uliyonayo, nyingi zina parasetamoli ndani. Ibuprofeni na diklofenaki msizikimbilie. Mtu anayetumia dawa za presha, hasa zile za kukojoza, akizimeza huku mwili umekaukiwa maji, anaziweka figo zake hatarini.

Mengine si uchovu, na hayasubiri kuche. Kifua kubana, maumivu kwenda taya au mkono, jasho baridi, kukosa pumzi: hospitali mara moja. Ganzi sehemu za siri na makalioni, au mkojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe, ni neva zimebanwa mgongoni. Hiyo ni dharura ya saa, si ya siku. Mkojo wa rangi ya chai nzito baada ya kazi ngumu ni dalili kwamba misuli inavunjika na kuzielemea figo. Kigimbi kimoja kuvimba na kuuma huenda ni damu iliyoganda. Uvimbe kinenani unaotokeza ukikohoa ni ngiri, hiyo haina haraka kama si ya kuuma, lakini ionwe. Mkono usioinuka tena juu ya bega baada ya siku chache huenda ni kano ya bega iliyoumia, si baridi.

Yote haya hayafai kitu kama mtoto hajui mpango. Watoto wetu wanatukumbuka tulivyokuwa tukiwabeba wao, hawawezi kukisia. Mwambie waziwazi: "Nitafika saa tatu asubuhi. Vitanda, friji na mashine nitaviandaa mimi, jiko nitalipanga mimi. Kochi na kabati tafuta vijana wawili, nitachangia malipo yao. Saa tisa naondoka." Ujumbe huo utumwe siku tatu kabla, wakati wabebaji bado wanapatikana, si lori likiwa limeshasimama mlangoni.

Mimi mzee mwenzenu.