Barua kwa mwanangu kabla hajamfuata choroa

Neema mwanangu,

Mama yako alinisomea ujumbe wako mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani ananitania. Mara ya pili nilikuwa nimeshainuka kutafuta ramani zangu za zamani, zile zenye madoa ya kahawa. Hongera sana. Choroa mmoja, Januari nzima, nje ya uwanja wa makombora wa White Sands, na mnakwenda wewe na mdogo wako Baraka bila kumlipa mtu wa kuwaongoza. Babu yako kule Same angesema umerukwa na akili. Enzi zetu choroa tulimwona kwa mbali upande wa Mkomazi, mali ya serikali, na kuwinda ilikuwa shughuli ya wageni wenye magari. Leo mjukuu wake ana kibali chake mkononi, New Mexico, Marekani, kwa jina lake. Nimefurahi kuliko nilivyoonyesha kwenye simu.

Umeniuliza swali moja tu: nichukue bunduki gani? Nitakujibu, ila ngoja kidogo. Mimi nami nilianzia kwenye bunduki, ikanigharimu. Wewe anza na choroa akiwa ameshalala chini. Yuko wapi? Gari liko wapi? Ni saa ngapi? Nani ana kisu? Ukishayajibu hayo rudi nyuma taratibu, hatua kwa hatua, mpaka ufike kwenye risasi.

Chukua hesabu hii. Choroa mkubwa ana kilo 200 au zaidi. Mkimchuna na kutoa mifupa, mnaweza kubaki na nyama ya kilo 80 hivi. Baraka anasema atabeba kilo 40, mwache aseme. Kwenye mchanga, mtu aliyelala vibaya usiku hubeba 25 akashukuru Mungu. Kwa hiyo ni safari mbili kwa kila mmoja, na ya tatu kwa kichwa na ngozi ukivitaka. Akianguka kilomita 2 kutoka barabarani, safari mbili za kwenda na kurudi ni kilomita 8 kwa kila mmoja wenu, nusu yake mkiwa na mzigo mgongoni. Akianguka kilomita 5, piga hesabu mwenyewe. Na usije ukafikiri utamfuata kwa gari. Kwenye ardhi ya umma gari halitoki nje ya barabara, hata kama nyama unaiona kwa macho. Wapo wanaokwenda na kigari cha magurudumu mawili cha kukokota kwa mkono. Kizuri, ila miba ya meskiti, kile kichaka cha jangwani, haijui huruma, weka matairi yasiyojazwa upepo.

Bahati yako ni Januari. Anayepangiwa Juni anashindana na joto linalopita nyuzi 38, na nyama ya mnyama mkubwa huanza kuharibikia ndani, kwenye paja karibu na mfupa, wakati nje bado inaonekana safi. Nyinyi usiku maji yatawagandia kwenye chupa. Hata hivyo msilale na mnyama hajachunwa kwa kuwa tu kuna baridi. Ngozi yake ni nene, inashika joto kama blanketi. Toeni matumbo, ivueni ngozi, tenganisheni mapaja na mikono, muitundike nyama ipigwe na upepo. Sarara msiisahau ndani ya mgongo, mimi na mama yako tunaisubiri.

Sasa ardhi. Hapa ndipo nitakaa kidogo, maana hapa ndipo penye kazi yote.

Choroa hawa si wenyeji. Asili yao ni Kalahari. Idara ya wanyamapori ya jimbo iliwaleta ili wawindaji wapate mnyama mkubwa anayeweza kuishi kwenye jangwa hili, na kati ya 1969 na 1977 ikawaachia kwenye uwanja wa White Sands, hawakufika hata 100. Uwindaji ukaanza 1974. Kule kwao walikuwa na simba wa kuwapunguza. Huku simba hakuna, na wao huzaa mwezi wowote wa mwaka, basi leo ni maelfu. Hifadhi ya Taifa ya White Sands ilibidi izungushiwe uzio ili wasiingie. Wengine wakavuka mipaka ya jeshi wakatapakaa kwenye malisho ya ng'ombe. Kibali chako kipo kwa sababu hiyo: jimbo halitaki wazidi kutapakaa. Ndiyo maana kinatolewa mwezi baada ya mwezi, mwaka mzima, na unaweza kukiomba tena mwakani. Wale wanaopata uwindaji mkubwa wa ndani ya uwanja hupata mara moja tu maishani.

Sasa elewa maana yake. Choroa wengi wako ndani, kibali chako ni cha nje. Utawaona, mwanangu. Utawaona 15, 20, wamesimama upande wa pili wa uzio wanakutazama kama wapangaji wenye mkataba. Usiguse uzio ule. Ndani kuna mabomu na mabaki ya makombora ambayo hayajalipuka, na kuingia bila ruhusa ni kosa kubwa, hata kama ni hatua kumi.

Na nje nako hakuko wazi kote. Malisho yale ni viraka: hiki cha Idara ya Ardhi ya serikali kuu, hiki cha jimbo, hiki cha mfugaji binafsi, na mara nyingi hakuna hata kibao cha kukuambia umetoka kwenye kimoja umeingia kwenye kingine. Kwa mfugaji unahitaji ruhusa yake ya maandishi. Sehemu za McGregor upande wa kusini ni za jeshi la Fort Bliss nazo zina kibali chao cha kuingilia, fuatilia hicho mapema. Weka kwenye simu programu ya ramani inayoonyesha mwenye ardhi, pakua ramani ukiwa nyumbani kwenye intaneti, kisha chapisha na ya karatasi. Simu hufa, tena kwenye baridi hufa haraka.

Nendeni mara moja Desemba bila bunduki. Siku mbili zinatosha. Mziendeshe barabara za vumbi, muone ni zipi zinapitika na zipi zinaishia kwenye geti lenye kufuli. Tafuteni nyayo. Unyayo wa choroa una umbo la moyo, mkubwa kuliko wa mnyama yeyote wa porini mtakayemkuta pale, na mkiuona karibu na wa ng'ombe mtaona wa choroa umechongoka mbele. Usijidanganye kwa kukaa kando ya birika la maji la mifugo siku nzima ukimngoja. Choroa anaweza kuishi bila kunywa, akapata maji yake kwenye majani na mizizi. Joto la mwili wake laweza kupanda mpaka nyuzi 45 asife, kwa sababu damu inayokwenda kwenye ubongo hupozwa kwanza na pumzi ya puani. Mtafute kwenye nyasi, hasa penye kijani kidogo baada ya mvua.

Na utakapomtafuta, usitafute mnyama mzima. Asubuhi moja karibu na bonde la Jornada del Muerto nilikaa saa nzima nikikagua kichaka kwa darubini, sioni kitu. Kisha nikaona kitu cheusi kinapepea kama mtu anayefukuza nzi kwa kitambaa. Mkia. Choroa ana mkia kama wa farasi. Nikapandisha darubini taratibu, nikaona mistari miwili miembamba iliyonyooka ikisimama juu ya meskiti, na katika jangwa lile hakuna kitu kingine kinachonyooka namna ile. Walikuwa saba. Walikuwa pale muda wote.

Dume na jike wote wana pembe. Za jike mara nyingi ni ndefu na nyembamba, za dume ni nene kwenye shina. Kibali chako kinaruhusu yeyote, kwa hiyo usijichoshe kutafuta pembe. Tafuta aliyesimama vizuri, peke yake, hakuna mwingine nyuma yake, na yuko mbali na uzio.

Sasa bunduki. Ile .30-06 ya kwangu inatosha kabisa, ukiweka risasi ngumu isiyosambaratika ikigusa mfupa. Ngozi ya shingoni na mabegani ni nene na mifupa yake si ya swala. Ila bunduki ndiyo sehemu rahisi. Wapi unapiga, hapo ndipo nilipokosea, na sijawahi kukusimulia vizuri.

Mwaka ule nilikuwa nimeshapiga kulungu kadhaa wa huku, nikajiona fundi. Saa kumi na moja jioni nilimkuta dume amesimama ubavu, mita 200, na nyuma yake kama nusu kilomita kulikuwa na uzio wa jeshi. Nilijua upo. Nilijiambia hatafika. Nikapiga nyuma ya bega, katikati ya ubavu, kama nilivyozoea kwa kulungu. Sasa moyo wa choroa uko chini zaidi na mbele zaidi, katikati ya mikono yake, na nundu ya mabegani inakudanganya macho, unapiga juu. Alijikunja, akaondoka. Hakukimbia sana, alikwenda tu, kama mtu aliyekumbuka ana safari. Nilimfuata kwa damu. Kidogo hapa, tone pale kwenye jani. Nilipofika kwenye uzio nikakuta manyoya ya kijivu yamenasa kwenye waya wa chini. Choroa haruki uzio, hupita chini. Upande wa pili nyayo ziliendelea kwenye mchanga, safi kabisa, mpaka zikapotelea vichakani.

Nilisimama pale mpaka giza. Nikaendesha mpaka nilipopata mtandao, nikapiga simu kwa wahusika, wakanisikiliza, wakanieleza kwamba siruhusiwi kuingia. Hatukumpata. Niliihesabu siku ile kibali changu kimetumika, nikarudi nyumbani. Mama yako aliniuliza nyama iko wapi nikamwambia sikupata kitu.

Kwa hiyo: akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu, ishia theluthi ya chini ya mwili. Pasua bega. Egemeza bunduki kwenye fimbo au kwenye begi, hata akiwa mita 100. Akiwa karibu na mpaka, au jua limebaki kidole kimoja, mwache. Mazoezi yafanye ukiwa umekaa chini na umepiga magoti, maana vile vichaka havitakuruhusu kulala kifudifudi.

Akianguka, usimkimbilie. Mzungukie utokee nyuma, upande wa mgongo, bunduki ikiwa tayari, na umguse jicho kwa ncha ya fimbo ndefu. Akipepesa, ongeza risasi. Choroa aliyejeruhiwa hutikisa kichwa upande kwa upande, na pembe zile, karibu urefu wa mkono wako wote, zimeshaua simba. Mwambie Baraka asikae mbele ya kichwa kwa ajili ya picha kabla hujampa ruhusa. Namjua.

Mengine nayapitia haraka. Geti mlilolikuta wazi liacheni wazi, lililofungwa lifungeni. Msipige kambi karibu na birika la mifugo, sheria inataka muwe mbali yadi 300, na ng'ombe hawatakunywa wakiona hema. Beba vitambulisho vyenu, kwenye barabara kuu ya 54 na ya 70 kuna vituo vya ukaguzi vya walinzi wa mpaka, na watu wenye sura zetu wakiwa na bunduki nyuma ya gari huulizwa maswali marefu kidogo. Jibu kwa upole, bunduki iwe haina risasi na iwe ndani ya kasha. Ile ya 70 pia hufungwa wakati mwingine makombora yanapojaribiwa, msishangae mkisimamishwa. Maji, lita 4 kwa mtu kwa siku, na ongezeni galoni mbili za kuoshea mikono. Ukimaliza, pumzika kwanza, lakini ripoti ya mavuno uijaze kabla hujaisahau, hata kama hukupata mnyama. Usipoijaza, mwakani maombi yako hayatapokelewa mpaka uwe umelipa faini.

Gari lako dogo liache. Njoo uchukue pikapu. Nimeweka tairi la akiba la pili na koleo, na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki, maana kwenye mchanga jeki huzama gari likabaki pale pale. Ukiingia kwenye barabara laini punguza upepo wa matairi mpaka PSI 20, kipampu cha kujazia kiko chini ya kiti cha abiria. Maboksi mawili ya barafu mama yako ameshayaosha.

Nitumie ramani yenye alama ya mtakapolala na saa ya kurudi. Ikipita saa mbili usiku sijakusikia, naanza kupiga simu.

Baba yako